Likizo ya Kiangazi Chamonix: Maswali ya Wasomaji na Majibu Yake

Barua kadhaa zilizotufikia hivi karibuni zinahusu mji mmoja: Chamonix, ulioko mashariki mwa Ufaransa katika bonde la mto Arve, mita 1,035 juu ya usawa wa bahari, chini kabisa ya mlima Mont Blanc. Waandishi wanatoka sehemu mbalimbali na hali zao hazifanani, lakini wote wanakusudia kwenda kiangazi, kwa hiyo tumeziweka barua zao pamoja. Majina tumeyaacha.

Swali

Ndugu Mhariri, mimi na mume wangu tunaishi Mbezi, Dar es Salaam, na tuna watoto wawili, mmoja wa miaka 11 na mwingine wa miaka minne. Shemeji yangu anaishi Lyon na ametualika mwakani. Tungependa kukaa kwake siku chache, kisha tukapumzike wiki nzima Chamonix. Mama mkwe, mwenye umri wa miaka 68 na presha anayoitumia dawa, atafuatana nasi. Twende mwezi gani, tuanze maandalizi na lipi, na je, mama anaweza kupanda yale magari ya kebo yanayoning'inia kwenye nyaya na kwenda juu milimani?

Jibu

Ahsante sana, dada, kwa kueleza hali ya familia yako kwa ukamilifu, kwa sababu ushauri unaomfaa kijana anayesafiri peke yake hauwezi kuwafaa ninyi.

Tuanze na mwezi. Kwa kuwa shule za Tanzania hufungwa Juni, nashauri bila kusita wiki ya tatu ya mwezi huo. Shule za Ufaransa hufungwa siku za mwanzo za Julai, na tangu hapo hadi baada ya katikati ya Agosti bonde zima hujaa watu na bei za malazi hupanda. Katika wiki hiyo ya Juni magari ya kebo mengi huwa yameshafunguliwa baada ya matengenezo ya majira ya kuchipua, maua ya milimani yamechanua, na mchana ni mrefu mno: jua huzama karibu saa tatu na nusu usiku, jambo litakalowashangaza watoto waliozoea giza kuingia saa moja. Upungufu wake ni kwamba njia za miguu zilizo juu ya mita 2,000 huwa bado zina mabaka ya theluji, lakini kwa mtoto wa miaka minne na mama wa miaka 68 njia hizo zisingewafaa hata mngekwenda Agosti. Msisogeze safari hadi wikendi ya mwisho ya Juni, kwa kuwa wakati huo mbio za Marathon du Mont-Blanc huleta maelfu ya wakimbiaji pamoja na jamaa zao.

Maandalizi yaanze na viza, wala si tiketi ya ndege. Mtahitaji viza ya Schengen, yaani viza moja inayotumika katika nchi nyingi za Ulaya, na kanuni ni kwamba maombi hupelekwa kwa nchi ambako mtakaa usiku mwingi zaidi. Wasomaji wengi hukwama hapa, kwa sababu uwanja wa ndege ulio karibu na Chamonix ni wa Geneva, Uswisi, na mtu akiona neno Geneva kwenye tiketi hudhani kwamba lazima aombe viza kwa Waswisi. Ninyi mtalala Lyon na Chamonix, na miji yote miwili iko Ufaransa, kwa hiyo mtaomba kwa Wafaransa hata kama ndege itatua Geneva. Maombi hupokelewa kuanzia miezi sita kabla ya safari na kwa kawaida yasichelewe kupita siku 15 kabla yake; nashauri myapeleke miezi mitatu mapema, kwa kuwa kupata miadi ya kuwasilisha nyaraka huchukua muda, hasa katika majira ambayo watu wengi wanasafiri. Ada ni yuro 90 kwa mtu mzima na yuro 45 kwa mtoto wa miaka sita hadi asiyetimiza 12. Mtoto wenu mdogo hatalipiwa. Kila mmoja awe na bima ya safari inayolipa matibabu yasiyopungua yuro 30,000, na pasi ambayo haijapita miaka 10 tangu itolewe na itakayobaki na uhai wa miezi mitatu baada ya siku mtakayoondoka Ulaya.

Shemeji yako ana kazi ya kufanya huko aliko. Kwa siku mtakazolala kwake, aende ofisi ya meya wa eneo lake akaombe hati iitwayo attestation d'accueil, ambayo inathibitisha kuwa atawapokea na ana nafasi ya kuwalaza. Kisha awatumieni hati yenyewe, maana barua yake ya kawaida ya mwaliko haitoshi. Kwa wiki ya Chamonix mtaonyesha uthibitisho wa malazi mliyowekea nafasi. Pangeni tarehe za karatasi hizi mbili zikutane: kama hati ya Lyon inaishia Ijumaa na malazi ya Chamonix yanaanza Jumamosi, afisa atauliza usiku wa Ijumaa mtalala wapi. Kaeni mezani, mwandike kila usiku na mahali pake kwenye karatasi moja, halafu mlinganishe na nyaraka zote kabla ya kuzipeleka.

Kuhusu malazi, familia ya watu watano itapata nafuu zaidi katika fleti yenye jiko kuliko katika vyumba vya hoteli. Wenye fleti wengi katika milima ya Ufaransa hupangisha kuanzia Jumamosi hadi Jumamosi, kwa hiyo Lyon ipangeni kabla au baada ya wiki hiyo, msiikate wiki katikati. Si lazima mkae katikati ya mji. Les Praz, Les Houches na Argentière ni vijiji vya bonde hilohilo, vimetulia zaidi, na treni ndogo inapita humo pamoja na mabasi. Mwulizeni mwenye nyumba maswali mawili tu kabla ya kulipa: kuna ngazi ngapi hadi mlangoni, na kituo cha treni au basi kiko umbali gani kwa mwendo wa mtu mzima mwenye umri wa mama. Mkifika, mwombeni kadi ya mgeni, carte d'hôte, ambayo hutolewa kwa wanaolipa kodi ya malazi ya mji na huwawezesha kupanda mabasi na treni za bondeni bila kulipa nauli.

Sasa nifike kwenye jambo ambalo naliona kubwa kuliko yote, na ambalo vitabu vya matangazo hulipitia haraka. Malazi yafungeni mapema, lakini siku za mlimani msizifunge. Watu hukaa Dar es Salaam, Nairobi au Muscat wakaandika Jumatatu kilele hiki, Jumanne kile, kisha wakafika na kukuta Jumatatu mawingu yameziba kila kitu, wakapanda hivyo hivyo kwa sababu ratiba inasema hivyo, wakalipa fedha nyingi kutazama ukungu. Kiangazi cha milima ya Alpi kina desturi yake: asubuhi anga hung'aa, kufikia saa sita mchana mawingu huanza kujijenga juu ya vilele, na alasiri mara nyingi hupiga radi na mvua kubwa ya muda mfupi. Kwa hiyo kila jioni someni utabiri wa kesho, ambao pia hubandikwa kwenye ofisi ya utalii katikati ya mji, na asubuhi iliyo nzuri kuliko zote katika wiki yenu ndiyo mpande juu. Siku nyingine zina kazi zake. Maziwa madogo ya Gaillands yana njia tambarare ambayo mtoto wenu mdogo ataikimbilia. Maporomoko ya Dard yako karibu na mlango wa handaki la Mont Blanc. Na juu ya Les Houches kuna hifadhi ya wanyama ya Merlet, ambako watoto wataona mbuzi-mwitu wa milimani wenye pembe zilizopinda na marmota wakichungulia kutoka mashimoni mwao. Kuna pia tiketi ya siku kadhaa iitwayo Mont Blanc MultiPass, inayotumika kwenye magari ya kebo makuu na treni ya Montenvers. Ulizeni kama mnaweza kupata ya siku zisizofuatana.

Na mama je? Gari la kebo maarufu kuliko yote ni la Aiguille du Midi, lililofunguliwa mwaka 1955. Huondoka mjini, hubadilishwa katika kituo cha kati cha mita 2,317, na kwa dakika kama 20 humfikisha abiria karibu na kilele cha mita 3,842. Wasomaji wetu wa Kilimanjaro wataelewa haraka maana yake: kibanda cha Horombo kwenye njia ya Marangu kiko mita 3,720, na mpandaji hulala kwanza Mandara ili mwili uzoee kabla ya kufika hapo. Gari la kebo halimpi mtu usiku huo wa kuzoea. Kule juu shinikizo la hewa limepungua kwa zaidi ya theluthi moja ya lile la pwani, na mtu aliyetoka Dar es Salaam juzi anaweza kupata kizunguzungu, kichwa kumgonga na pumzi kumwishia kwa kupanda ngazi chache tu. Kwa mama mwenye presha, hata kama dawa zinaidhibiti vizuri, neno la mwisho ni la daktari wake, naye aulizwe kwa kutajiwa mita zenyewe: "Mama anaweza kupelekwa mita 3,842 kwa dakika 20?" Ukimwambia tu kwamba mnakwenda Ulaya kupumzika, hatajua kuna jambo la kukataza. Mtoto wa miaka minne pia asipelekwe. Waendeshaji hawaruhusu walio chini ya miaka mitatu, na hawashauri walio chini ya mitano. Apande mtoto mkubwa na mzazi mmoja, si siku ya kwanza wala ya pili, na waende na gari la mapema asubuhi.

Mama na mjukuu mdogo wana safari yao nzuri isiyo na mashaka hayo makubwa, nayo ni treni nyekundu ya Montenvers, inayopanda msituni kwa muda wa dakika 20 hivi hadi mita 1,913, juu ya Mer de Glace, mto wa barafu mkubwa kuliko yote Ufaransa. Daktari akiridhia, mama atakaa mezani kwenye mtaro wa mgahawa na ataona kila kitu. Wenye magoti mazima wanaweza kushuka kuelekea kwenye barafu, na kando ya njia ya kushukia watakuta vibao vyenye miaka vinavyoonyesha barafu ilikuwa inafika wapi wakati huo. Unasimama kwenye kibao cha mwaka uliokuwa tayari umezaliwa, unatazama chini, na barafu iko mbali kabisa na miguu yako. Mtoto wa miaka 11 aoneshwe vibao hivyo polepole, kimoja baada ya kingine. Theluji ya Kibo nayo inapungua, na hapo atafahamu kwa macho yake habari anayosomeshwa darasani.

Kuhusu nguo nitasema machache. Bondeni mchana fulana inatosha, jioni sweta. Juu kwenye Aiguille du Midi baridi inaweza kushuka chini ya nyuzi sifuri hata Julai, kwa hiyo kila anayepanda awe na koti zito, kofia, glavu, miwani ya jua na mafuta ya kukinga ngozi, kwa sababu jua linaloakisiwa na theluji huunguza hata ngozi nyeusi.

Swali

Assalaam alaykum, ndugu Mhariri. Sisi ni familia yenye asili ya Unguja tunayoishi Muscat. Joto la Agosti linatuchosha na tunataka kuwapeleka watoto Chamonix mwezi huo. Tunauliza kuhusu chakula cha halali, sala, na kama tukodi gari Geneva.

Jibu

Waalaykum salaam, ndugu yangu. Mnaokwenda Salalah, kusini mwa Oman, msimu wa mvua wa khareef mnajua jinsi barabara na nyumba za kupanga zinavyojaa, na Agosti ya Chamonix ni vivyo hivyo. Chagueni wiki mbili za mwanzo za mwezi. Tarehe 15 Agosti ni sikukuu ya mapumziko nchini kote na pia sherehe ya waongoza wageni wa mlimani mjini hapo. Wiki ya mwisho ya mwezi kuna mbio ndefu za miguu ziitwazo UTMB kuuzunguka Mont Blanc, na vyumba vya wiki hiyo huchukuliwa mapema mno. Pasi ya Oman nayo inahitaji viza ya Schengen, kwa hiyo yasomeni pia majibu tuliyompa dada wa Mbezi.

Chakula kinataka uangalifu kwa sababu vyakula vya asili vya mkoa huo vinaonekana havina tatizo. Mtu huona jibini na viazi akaona hapana shaka. Tartiflette, ambacho ni viazi vilivyookwa na jibini, kwa kawaida huwa na vipande vya nyama ya nguruwe, na fondue ya jibini hupikwa kwa mvinyo mweupe. Raclette, yaani jibini iliyoyeyushwa juu ya viazi, huliwa bila wasiwasi mkiomba isiletwe na sinia ya nyama. Chukueni fleti yenye jiko, mnunue nyama ya halali Geneva au Lyon kabla ya kupanda bondeni, na samaki, mayai, mboga na matunda mtavipata kwenye maduka makubwa ya mjini.

Sala zitabadilisha mpangilio wa siku yenu. Mwanzoni mwa Agosti Magharibi huingia karibu saa tatu usiku, Isha hukaribia saa tano, na Alfajiri huwahi sana. Watoto walalishwe kidogo mchana, hasa kwa kuwa alasiri ndiyo saa ya mvua na radi. Kibla kutoka mjini ni kusini-mashariki, yaani upande wa safu ya Mont Blanc yenyewe na si upande wa mlima wa Brévent ulio ng'ambo ya bonde, kwa hiyo hata mkiwa matembezini hamtababaika.

Gari si la lazima. Mabasi madogo ya kushirikiana abiria hutoka uwanja wa ndege wa Geneva na kufika Chamonix kwa saa moja na robo au moja na nusu hivi, na bondeni treni na mabasi yanatosha. Mkiona ni lazima mkodi, fahamuni kwamba uwanja wa Geneva una upande wa Uswisi na upande wa Ufaransa, na barabara kuu za Uswisi hudai stika ya mwaka ya faranga 40. Ulizeni kama gari mnalopewa tayari linayo. Maegesho ya Chamonix katika Agosti ni taabu, na kwa familia iliyokuja kupumzika sioni faida ya kuanza kila asubuhi kwa kutafuta pa kuegesha.

Swali

Mimi ni Mkenya ninayefanya kazi London kwa kibali halali cha ukaazi. Rafiki zangu Waingereza wamenunua tiketi za Julai kwenda Chamonix na wananiambia ninunue tu yangu. Ni kweli sihitaji chochote?

Jibu

Si kweli. Marafiki zako huingia bila viza kwa sababu ya pasi zao, na kibali cha kuishi Uingereza hakimpi mwenye pasi ya Kenya ruhusa ya kuingia Ufaransa wala Uswisi, kwa sababu Uingereza haimo katika eneo la Schengen. Utaomba viza ya Ufaransa ukiwa hukohuko London, unakoishi kihalali, na huna sababu ya kurudi Nairobi kuiomba. Panga miadi leo; tiketi isiyorudishiwa fedha iache mpaka viza iwe mkononi.

Swali

Shikamoo Mhariri. Mimi ni kijana kutoka Bukavu, nasoma Grenoble, na nina kibali cha kukaa Ufaransa. Nataka kwenda Chamonix siku tatu mwezi Julai kwa pesa kidogo, nitembee kwa miguu mpaka ziwa la Lac Blanc, na kama inawezekana nikanyage barafu. Nimezoea vilima vya Kivu tangu utotoni. Je, nahitaji mtu wa kuniongoza?

Jibu

Marahaba, mwanangu. Viza huhitaji, na pesa kidogo zinatosha. Panda treni hadi Saint-Gervais-les-Bains-Le Fayet, ubadilishe treni ndogo inayoingia bondeni. Kuna viwanja vya kupiga hema na vyumba vya kulala wengi pamoja. Wekea nafasi mapema hata kama ni hema, maana Julai hujaa.

Kuhusu mwongozaji, tenganisha njia na barafu. Njia iliyowekwa alama na vibao vyenye muda wa mwendo, kama ile ya Lac Blanc, kijana mwenye miguu ya Kivu anaipita mwenyewe akiwa na ramani, viatu imara, maji na koti la mvua. Barafu ni jambo jingine kabisa. Juu yake kuna nyufa ambazo theluji huzifunika zisionekane, na anayetumbukia hupotea mbele ya macho ya wenzake. Usiikanyage bila mwongozaji na kamba, hata ukiona nyayo za watu. Chamonix ina chama cha waongozaji kilichoanzishwa mwaka 1821, na hupeleka makundi ya wanaojifunza kutembea kwenye barafu, ambapo gharama hugawanywa. Hiyo ndiyo fedha ambayo ningekusihi usiibanie. Ukipata shida mlimani piga 112. Kikosi cha uokoaji cha jandamu, yaani polisi wa kijeshi wa Ufaransa, kipo mjini hapo na kina helikopta, lakini kumbuka kwamba matibabu utakayopata baadaye yana gharama zake, hivyo hakikisha bima yako ya mwanafunzi inayalipia.

Sasa Lac Blanc. Ziwa liko mita 2,352, upande wa bonde unaotazamana na Mont Blanc, na maji yake yakitulia asubuhi utaona safu yote ya vilele imelala ndani yake. Ukipanda kutoka Les Praz kwa miguu ni mita 1,300 hivi za kupanda, na weka saa nne kwa mwendo wa kawaida. Ukitaka kuokoa miguu, gari la kebo la Flégère hukufikisha karibu mita 1,900, na kutoka hapo ni chini kidogo ya saa mbili. Mwanzoni mwa Julai huenda ukakuta theluji kwenye sehemu ya mwisho. Fimbo mbili za kutembelea zitakusaidia. Anza saa kumi na mbili asubuhi ili uwe umekwishaanza kushuka saa sita mchana, kabla ya mawingu kukusanyika. Ukisikia radi ungali unapanda, geuka hapohapo, uondoke kwenye mgongo wa mlima na ujitenge na vyuma. Ziwa utalirudia kesho yake, na ndiyo sababu nakushauri uiweke safari hii siku ya kwanza iliyo na anga safi kati ya hizo tatu. Ukikusudia kurudi kwa gari la kebo, soma saa ya gari la mwisho ubaoni pale Flégère kabla ya kuondoka kituoni, uiandike, maana ukilikosa utashuka mteremko wote hadi Les Praz kwa miguu.